Kichwa cha Mama wa Kigongo

Katika miaka ile ambayo msafiri atokaye Mwanza kwenda Sengerema hakuwa na budi kushuka garini Kigongo akangoja kivuko, alikuwapo mama mmoja mkaanga sato ambaye banda lake lilikuwa la tatu au la nne kutoka gatini, naye alijulikana kwa mambo mawili: samaki wake, ambao sijapata kuona mfano wao kwa ukavu wa ngozi na ulaini wa mnofu, na kichwa chake, ambacho wasafiri wazoefu walikitegemea kuliko redio katika kubashiri mvua. Alipojifunga upande wa khanga kipajini, akaukaza kwa fundo lililolalia ubavu wa kulia, juu kidogo ya sikio, kisha akageuza kigoda chake akalipa ziwa kisogo ili mng'ao wa maji usimpige machoni, sisi tuliokuwa foleni tulianza kutazama upande wa Busisi, ng'ambo ya maji, kutafuta wingu.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia asubuhi moja kwa Kisukuma changu cha kuokoteza. "Kichwa tena?"

"Mwangaluka, mwalimu. Kichwa. Leo itatupiga kabla ya saa nane, wewe ngoja uone."

Ikatupiga saa saba na nusu, mvua ya upepo na radi, tukajibanza chini ya turubali lake watu wanane na mbuzi wawili, na tangu siku hiyo nikawa miongoni mwa waumini. Siku alizofunga khanga na jua likawaka hata magharibi sikuzihesabu, wala yeye hakuzihesabu, wala simjui mtu aliyezihesabu pale Kigongo. Na katika kutozihesabu huko ndimo lilimojificha neno ninalotaka kulizungumza leo.

Sina haki ya kumcheka mama yule, maana maradhi yake ni yangu pia. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, niliyeletwa Usukumani na kazi ya ualimu nikiwa kijana nikakaa hata nikastaafu, na kwa miaka mingi nilivuka ghuba ile ya ziwa, kati ya Kigongo na Busisi, mara mbili kila juma kwa shughuli zilizokuwa ng'ambo. Kipandauso kilinishika kabla sijaota ndevu vizuri, nacho hakijaniacha hata leo. Ajuaye maradhi haya hahitaji kuelezwa, na asiyeyajua aghalabu huyadhania kuwa ni kuumwa kichwa kwa kawaida kulikodekezwa. Lakini tafauti yake ni dhahiri, kwa kuwa huanza nyuma ya jicho moja, yakapiga kwa mapigo ya moyo, yakaleta kichefuchefu, yakaugeuza mwanga kuwa mwiba na sauti ya sufuria kuwa nyundo, na yasipopata dawa hudumu saa 4 kwa uchache, na hata saa 72 kwa wingi. Waarabu huyaita shakika, kwa maana ya nusu ya kitu kilichopasuliwa, na tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyatengea nafasi katika Kanuni yake ya tiba. Jina letu naliona bora zaidi, maana halisemi tu mahali yalipo. Lasema yanavyokwenda, kwamba ni kitu kipandacho, na yeyote aliyewahi kukaa akisubiri kipande kutoka shingoni hadi shavuni, kutoka shavuni hadi kwenye nyusi, atakubali kwamba mtungaji wa neno lile, awaye yote, alikuwa mgonjwa.

Wala sisi wagonjwa si wachache kama tudhaniwavyo. Katika vijiji vya karibu na hospitali ya Haydom, wilaya ya Mbulu, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakahoji watu 7,412, na katika makala yao ya mwaka 2010 ikaonekana kwamba watu 4 na zaidi kidogo katika kila 100 walikuwa wamepatwa na kipandauso ndani ya mwaka mmoja, na wanawake walikuwa karibu mara tatu ya wanaume. Ukiwapanga watu wa kivuko kimoja cha zamani, pamoja na mabasi yake, malori yake na wachuuzi wake, basi kila safari ya kwenda Busisi ilikuwa imebeba vichwa kadhaa vya namna yetu, na kila kimoja kina nadharia yake.

Nadharia iliyopendwa kuliko zote ilikuwa hali ya hewa. Kwetu Pangani watu waliitupia lawama kaskazi, pepo ile ya joto ya miezi ya Desemba hadi Machi, ijapo hapakosi mzee aliyeapa kwamba kwake yeye kusi ndiyo adui. Huku ziwani huambiwa ni mvua inayokuja, au mvua iliyokataa kuja, au jua la baada ya mvua. Na nilipokwisha kusikia kwamba kichwa huumwa kwa wingu, na huumwa kwa ukosefu wa wingu, ndipo nilipoanza kushuku kwamba mbingu imefanywa jalala la kila kosa, kwa kuwa iko juu ya watu wote na haijibu.

Lakini insafu yataka tuseme pia kwamba wataalamu hawakuidharau dhana hii; waliipima, na vipimo vyao havikutoka na jibu moja. Katika mji wa Calgary, Kanada, ambako upepo mkavu wa joto uitwao Chinook hushuka kutoka milimani na kupandisha joto la majira ya baridi kwa muda mfupi, daftari za wagonjwa 75 zilionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, kwamba siku ya kabla ya upepo huo na siku za upepo wenyewe ukivuma kwa nguvu zilikuwa na hatari kubwa zaidi kwa baadhi yao. Huko Japani, katika mji wa Utsunomiya, wagonjwa 28 walifuatiliwa, na makala ya mwaka 2011 ikasema kwamba mashambulizi yaliongezeka wakati mgandamizo wa hewa ulipokuwa ukielekea kushuka kwa zaidi ya milibari 5 kutoka siku hadi siku. Watafiti wa Boston nao walikusanya habari za watu 7,054 waliofika katika idara ya dharura ya hospitali moja kwa ajili ya kichwa, wakatangaza mwaka 2009 kwamba joto likipanda kwa nyuzi 5 za Selsiasi, hatari ya mtu kuja hospitalini kwa kichwa siku inayofuata iliongezeka kwa asilimia 7.5, ilhali mgandamizo wa hewa ulionyesha athari hafifu zaidi. Na Vienna, ambako wagonjwa 238 waliandika daftari kwa siku 90, watafiti walipokwisha kuzichuja hesabu zao hawakubakiwa na kitu cha kukisimamia. Athari ya hali ya hewa, kama ipo, ilikuwa ndogo na ya kutiliwa shaka.

Miongoni mwa tafiti hizi uko mmoja ninaoupenda kuliko zote kwa sababu unanihusu mimi na mama wa sato kana kwamba ulifanywa Kigongo. Ni wa kliniki moja ya maradhi ya kichwa katika jimbo la Connecticut, Marekani, uliochapishwa mwaka 2004. Wagonjwa 77 waliulizwa kwanza kama waamini kwamba hali ya hewa huwaletea kipandauso, na 48 wakasema ndiyo. Kisha daftari zao zikalinganishwa na takwimu za hewa, na walioonekana kuwa na uhusiano wa kweli walikuwa 39. Tuseme kwa ufupi kwamba imani ilikuwa kubwa kuliko ushahidi, lakini ushahidi nao haukuwa bure. Hiyo ndiyo rai yangu, na lau ningekuwa mtu wa kuridhika upesi ningeweka kalamu chini hapa.

Hata hivyo, nani aliyewahi kutuuliza sisi? Calgary, Boston na Vienna ziko katika latitudo ambazo mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka kwa milibari 20 au 30 kila dhoruba kubwa ipitapo, ilhali sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, na karibu na Ikweta ule mzunguko wa dunia unaozipinda pepo na kuzuia hewa isikimbilie moja kwa moja mahali palipopungua huwa dhaifu sana, hata kila upungufu hujazwa kabla haujawa mkubwa. Badala ya tufani za mgandamizo, sisi tuna kitu kingine ambacho wachache hukiangalia: hewa yetu hupwa na kujaa kama bahari. Kila siku mgandamizo hufika juu kwenye saa nne na hufika chini kwenye saa kumi, na hufanya hivyo mara mbili, mchana na usiku, kwa kadiri ya milibari 3 au 4, kwa utaratibu ambao saa ya ukutani ingeuonea wivu. Ikiwa kushuka kidogo kwa mgandamizo kungetosha peke yake kumpandisha mtu uso, basi watu wa Mwanza wangelazwa kila alasiri saa kumi, na waadhini wangeadhini Alasiri wamefunga vitambaa kichwani.

Nikaendelea na hesabu, maana ukishaanza kuhesabu ni kama kula karanga. Katika kimo cha ziwa letu, ambalo maji yake yako mita 1,134 au karibu na hapo juu ya usawa wa bahari, kila mita 10 unazopanda hukupunguzia milibari 1. Mkazi wa mabonde ya Mwanza anayepanda mlima wa Bugando kwenda kumwona mgonjwa, au mtu wa Isamilo ashukaye mjini asubuhi na kurejea jioni kupitia ngazi za mawe, akipanda mita 50 tu amekwisha kuitikisa hewa ya kichwa chake kwa milibari 5, ambazo ni sawa na zile zilizowasumbua Wajapani wa Utsunomiya. Na mimi niliyetoka Pangani, ambako bahari iko mlangoni, nikapanda basi hadi Mwanza, nilipungukiwa na milibari zaidi ya 120 katika safari moja. Kwa hesabu ya mgandamizo peke yake ilinipasa nifike nimebebwa. Nilifika na njaa tu.

Najua mtaalamu wa hali ya hewa au tabibu atanijibu kwamba kupanda ngazi ni jambo la dakika na dhoruba ni jambo la saa nyingi, kwamba mwili huenda ukahisi kasi na muda kuliko kiasi, na kwamba dhoruba haiji na mgandamizo peke yake. Nakubali, tena nakubali bila kinyongo, kwa kuwa hoja hiyo ndiyo inayonirudisha ziwani. Wako watafiti waliochunguza wagonjwa 90 katika majimbo ya Ohio na Missouri, wakachapisha matokeo mwaka 2013, wakaona kwamba siku ambazo radi ilipiga ndani ya maili 25 kutoka nyumbani kwa mgonjwa hatari ya kipandauso iliongezeka kwa asilimia 28, na hata walipoondoa hesabu ya mvua, joto na mgandamizo, kitu fulani kilibaki kwenye radi yenyewe ambacho hawakuweza kukifafanua kwa yakini. Basi, ikiwa iko pwani ya dunia ambapo watu wangepaswa kuulizwa habari za radi na kichwa, ni hii yetu. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo ukatoka ziwani kwenda bara; usiku mambo hugeuka, nchi ikapoa, ziwa likabaki na uvuguvugu wake, na umande, nao ni ule upepo wa nchi kavu tunaoujua watu wa pwani, hutoka pande zote za ziwa, Mara na Kagera, Uganda na Kenya, ukakutana katikati, ukapanda, ukafanya mawingu ya radi ambayo yamewaua wavuvi wetu wasiohesabika. Aliyelala Kigongo usiku wa Novemba ameyaona: wingu likimeta huku na huku bila sauti, kama mtu anayewasha na kuzima kurunzi ndani ya mfuko wa katani.

Na usiku kama huo nani hulala? Hapo ndipo tuhuma dhidi ya mbingu inapoanza kuingiwa na washiriki wengine. Mabati hunguruma, watoto huamka, mwenye samaki aliowaanika huondoka kwenda kuwaanua, na alfajiri ikifika mtu amelala saa tatu. Kukosa usingizi kwa wengi wetu ni kiberiti cha kipandauso ambacho hakuna tabibu anayekitilia shaka. Mgonjwa husema radi imenipanda, naye hasemi uongo, ila hakutaja daraja la katikati kati ya radi na kichwa, na daraja hilo pengine ndilo mahali ambapo angeweza kujisaidia.

Liko jambo jingine lenye hila zaidi. Kipandauso hakianzi kinapouma. Saa kadhaa kabla, na kwa wengine siku nzima au mbili, mtu hupiga miayo bila uchovu, shingo hukakamaa, hutamani kitu cha utamu, huwa mkali kwa wanawe, na mwanga wa kawaida humkera. Na wataalamu waliopiga picha za ubongo katika saa hizo waliona kwamba sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, ile itawalayo usingizi, njaa na kiu, imekwisha kuamka na kufanya kazi kabla ya maumivu. Maana yake ni kwamba mgonjwa aonaye mng'ao wa ziwa umekuwa mkali kupita siku zote, akasema mng'ao ule ndio ulionipanda, huenda amekosea mfuatano: kipandauso kilikwisha kuingia, na kilichokuwa kikali ni jicho lake. Mama wa sato aliligeuzia ziwa kisogo kwa sababu ziwa lilikuwa linamdhuru, ama kwa sababu alikuwa amekwisha kudhurika? Nilipolifikiri swali hili kwa mara ya kwanza nilipata ile fadhaa apatayo mtu anapogundua kwamba amekuwa akisoma barua kutoka chini kwenda juu.

Sasa nifike kwenye daraja, maana nisingeandika makala hii kama daraja lisingejengwa. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Daraja la John Pombe Magufuli, kilomita 3 za zege kutoka Kigongo hata Busisi, na safari iliyokuwa ikitumia nusu saa majini na saa moja, mbili, wakati mwingine zaidi, ya kungojea, ikawa ya dakika chache. Wachumi wameandika habari za malori, na wanasiasa wameandika habari za wanasiasa. Mimi nina habari ya daftari langu. Nilikuwa nimeanza kuandika siku zangu za kipandauso miaka mitatu kabla, kwa shauri la daktari mmoja kijana, katika daftari la kurasa mia lenye safu za tarehe, saa, hali ya hewa, na sababu nidhaniayo; na katika safu ya sababu nilikuwa nimeandika "ziwa" mara nyingi hata nikaanza kuandika Z tu. Wastani wangu ulikuwa mara tatu au nne kwa mwezi, na nyingi ya siku hizo zilikuwa siku za kuvuka. Daraja lilipofunguliwa sikuacha kuvuka. Nilizidi, kwa kuwa imekuwa rahisi. Ziwa ni lile lile, mawingu ni yale yale, vuli ilikuja na radi zake. Lakini vipandauso vya siku za kuvuka vikapungua hata vikawa sawa na vya siku nyingine, na mwezi mwingine ukapita sikuandika hata Z moja.

Nikarudi nyuma nikasoma upya siku zangu za kivuko kwa jicho la mpelelezi, na nikaona aibu. Ili niiwahi foleni nilikuwa nikiamka saa tisa na nusu za usiku. Sikunywa chai, kwa kuwa gari halingojei. Maji nilijinyima kwa makusudi, kwa sababu vyoo vya pale gatini, kwa heshima ya msomaji, sitavieleza. Nikasimama juani saa mbili kichwa wazi, moshi wa mafuta ya kukaangia upande huu na wa injini za malori upande ule, honi zikilia, mwanga ukiruka kutoka majini hadi machoni. Kisha, njaa iliponishinda kwenye saa tano, nikanywa kahawa mbili kwa mkupuo. Na mtu huyo huyo jioni huketi akaandika katika daftari kwamba ameumwa kwa ajili ya ziwa! Kweli jua lilikuwamo katika kosa, na joto lilikuwamo, kama walivyosema wale wa Boston. Lakini hali ya hewa ilinikuta nimekwisha kufunguliwa milango yote, ikaingia kama mgeni mwingine yeyote.

Najua umri nao una fungu lake, kwa kuwa kipandauso cha wengi hupungua uzeeni, na daftari la mzee mmoja si burhani ya kumtia mtu hatiani wala kumwachia. Nalitaja kwa sababu ni daftari la hapa. Hospitali ya Bugando iko juu ya mlima na rejista yake ya wagonjwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rada Mwanza inayoziona dhoruba za ziwa zikizaliwa. Lakini vitu hivi viwili, rejista ya wagonjwa na rada ya mawingu, kuvikutanisha kwa ajili ya vichwa vyetu kungehitaji kwanza kwamba kipandauso kiandikwe kwa jina lake. Katika zahanati nyingi za kando ya ziwa, na hii naisema kwa kuwa nimeketi kwenye mabenchi yake, mtu akisema kichwa huandikiwa malaria kabla hajamaliza sentensi. Silaumu mazoea yenyewe: malaria huku ipo kweli, na kichwa chenye homa lazima kipimwe siku ile ile, kama vile kichwa kilichokuja ghafla kama kofi, au kilichofuatana na ulegevu wa mkono au ulimi kuwa mzito, hakipaswi kungoja hata saa moja. Nalaumu kwamba kipimo kikitoka hakina malaria, dawa ya mseto hutolewa hata hivyo, ili mgonjwa asiondoke mikono mitupu. Mimi nimemeza mseto mara ambazo sizikumbuki idadi yake kwa ajili ya maradhi yasiyokuwa na mbu ndani yake.

Na duka la dawa likiwa karibu kuliko zahanati, wengi wetu tumejitibu kwa vidonge viwili viwili vya kutuliza maumivu, asubuhi na jioni, siku kwa siku. Hili nalisema polepole kwa kuwa ndilo lililo na manufaa zaidi katika makala yote: mwenye kipandauso akitumia dawa hizo za kawaida siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa miezi mfululizo, au zile za mchanganyiko siku 10, dawa yenyewe hugeuka ikawa mzalishaji wa kichwa, na mtu huyo ataamka kila siku akiumwa na kila siku atalaumu hewa. Ziko dawa zilizotengenezwa mahsusi kwa kipandauso. Sumatriptani imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021. Iulizie katika duka la dawa la njiani, kisha ustahimili jinsi utakavyotazamwa.

Mama wa sato hayuko tena Kigongo. Gati lilipokosa wasafiri, wachuuzi walitawanyika, na hilo ni deni la daraja ambalo sijaona aliyelilipa. Yeye alihamia Usagara, kwenye njia panda, ambako mabasi husimama. Nilimkuta mwezi uliopita, nikanunua sato, nikamweleza kwa kirefu, kama walimu tulivyo, habari ya Wajapani na milibari, na daftari langu, na Z zangu.

"Kwa hiyo wasema kichwa changu ni mwongo, mwalimu?"

"La, mayu. Nasema hatukuwahi kukihesabu."

Akageuza samaki mmoja, akakiacha kijiti chake juu ya ukingo wa karai. "Tangu nije huku nafunga khanga mara chache," alisema. "Mie nilidhani ni kwa kuwa huku hakuna ziwa. Lakini huku nalala. Kule nilikuwa naamka saa nane za usiku kuwawahi wavuvi, huku samaki naletewa." Akafikiri kidogo. "Basi itakuwa lipi, ziwa au usingizi?"

Nilirudi nyumbani na swali lake pamoja na samaki wake. Usiku wa pili yake nilikula mapema, nikanywa maji, nikalala saa tatu usingizi mzuri usiokatika, na saa kumi na moja alfajiri nikaamshwa na kipandauso cha upande wa kushoto kilichokamilika kwa kila kitu. Nikafungua dirisha nusu, nikaona upande wa ghuba umeme ukimeta mbali sana bila sauti. Nimeandika tarehe, nimeandika saa, na katika safu ya hali ya hewa nimeandika radi, mbali. Safu ya sababu bado iko tupu.